Shahidi Mkweli Anapomnyooshea Kidole Mtu Siye

Desemba 1895, katika mtaa wa Victoria jijini London, mwanamke mmoja alimzuia mwanamume njiani akimwambia kuwa ndiye aliyemwibia saa na pete. Mwanamume huyo, Mnorwei aitwaye Adolf Beck, alikimbilia kwa askari kulalamika kwamba anasumbuliwa. Wote wawili wakapelekwa kituoni. Baadaye wanawake wengine waliotapeliwa na mtu aliyejifanya lodi, yaani mwungwana mwenye cheo wa Kiingereza, waliitwa, na mmoja baada ya mwingine wakasema: ni huyu. Askari aliyemjua tapeli mmoja, John Smith, aliyefungwa mwaka 1877, naye akaapa kuwa Beck ndiye Smith. Mwaka 1896 Beck alifungwa miaka 7.

Mwaka 1898 maofisa wa serikali walifungua kumbukumbu za gereza wakakuta Smith alikuwa ametahiriwa. Beck hakutahiriwa. Hata hivyo hakuachiwa. Alibaki gerezani hadi 1901. Mwaka 1904 akatiwa hatiani tena kwa makosa ya aina ile ile, na kilichomwokoa ni kwamba tapeli halisi alikamatwa akiendelea na kazi yake wakati Beck yuko mahabusu.

Katika kazi yetu ya msaada wa kisheria huwa nawakumbuka sana wale wanawake. Hawakuwa waongo. Mwongo ukimbana kwa maswali hujikanyaga, lakini mtu mkweli aliyekosea hajikanyagi, kwa sababu anaamini kila neno analosema. Machozi yake ni ya kweli, na hakimu anayaona.

Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, ilisema ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu mno, na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Aliwahi kumwona kabla?

Kwenye mwanga ndipo kesi nyingi huanguka. Shahidi anasema, "Kulikuwa na taa, nikamwona vizuri." Taa gani? Koroboi iliyowekwa chini ya meza humulika miguu tu. Tochi iliyoshikwa na jambazi inakumulika wewe, yeye yuko nyuma ya mwanga. Na mtu aliyewekewa panga shingoni hutazama panga. Haya yasipoulizwa mahakama ya chini, mshtakiwa anaweza kukaa miaka gerezani akisubiri majaji wa rufaa wayaulize.

Ukivamiwa, basi, kazi yako inaanza usiku ule ule. Kama ulimtambua mtu, mtaje kwa wa kwanza kufika, awe jirani au mwenyekiti wa mtaa, na polisi pia. Mahakama huuliza kwa nini jina lilitajwa siku ya tatu. Kama humjui, eleza kimo, sauti, mavazi na alama yoyote kabla hujaonyeshwa mtu, na hakikisha yanaandikwa kwenye maelezo yako. Usikubali kuchungulia mahabusu "kuhakikisha". Ukishamwona pale, kumbukumbu yako imeshachafuka, na gwaride la utambuzi litakalofuata, yaani kupanga watu mstari ili umtoe uliyemwona, halina maana. Gwaride halali kwa mtuhumiwa mmoja lina watu wanane au zaidi, wanaofanana naye kwa umri, kimo na mwonekano. Kumnyooshea kidole kizimbani kwa mara ya kwanza mtu usiyemjua, akiwa peke yake kati ya askari wawili, hakuthibitishi kitu.

Beck alilipwa pauni 5,000, na kisa chake kilichangia Uingereza kutunga sheria ya mahakama ya rufaa za jinai mwaka 1907. Kabla ya hapo hakuwa na pa kukatia rufaa ya namna hiyo.

Hapa kwetu mahali papo, ila siku hukimbia. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatakiwa kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 10, kisha kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za hukumu na mwenendo wa kesi. Aliye gerezani hukabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Ndugu mkienda kumtembelea wiki ya kwanza, muulizeni kabla ya yote: notisi umeshatoa?