Wati, volti na uniti: nini hasa kinamaliza LUKU?

Ukinunua umeme wa LUKU, unachonunua ni uniti, na uniti moja ni kilowati-saa moja. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima, imekwisha. Cha wati 100 kitakaa nayo saa 10. Wati, basi, ni kasi ya kula umeme; uniti ni kiasi kilicholiwa. Bila muda, wati peke yake haikuambii utalipa kiasi gani.

Kwenye nyumba za kupanga zenye mita moja, lawama humwangukia mwenye TV kubwa au anayelala na chaja ukutani. Piga hesabu uone. Betri ya simu ya mAh 5,000 hubeba wati-saa 19 hivi, kwa hiyo hata ukitoa umeme unaopotea njiani, uniti moja huijaza mara 40 au zaidi. Taa ya LED ya wati 9 huwaka saa 111 kabla ya kuimaliza. Sasa hita ya kuogea ya wati 5,000: dakika 12 tu. Watu watano wakioga dakika sita kila mmoja, uniti mbili na nusu zimekwenda kabla ya chai. Ukitaka kujua anayemaliza umeme, tafuta kinachotoa joto: hita, pasi, jiko la koili.

Friji ndilo linalochanganya. Kibandiko chake kinaweza kusema wati 150, lakini kompresa haizunguki muda wote. Huwaka, hupoza, hujizima. Likifunguliwa kila mara kwenye joto la Dar es Salaam, kompresa haipati kupumzika.

Volti ni msukumo wa umeme, na ampea ni wingi wa mkondo unaopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati: chaja ya volti 5 na ampea 2 inatoa wati 10. Tanzania hutumia volti 230, Kenya 240, Marekani 120. Hapo ndipo zawadi za ndugu wa ughaibuni huungulia. Birika la Marekani la wati 1,500 likichomekwa Mombasa husukumwa kwa volti maradufu, mkondo nao unakuwa maradufu, kwa hiyo wati huzidi mara nne: 6,000, yaani ampea 25 kwenye soketi iliyotengenezwa kwa ampea 13. Fyuzi isipokatika mapema, koili ndiyo itakayokatika.

Chaja za simu na kompyuta mpakato nyingi hazina shida hiyo, kwa kuwa zimeandikwa volti 100 hadi 240. Zinahitaji adapta ya plagi tu. Birika linahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa kubeba wati zote 1,500, nayo ni nzito na mara nyingi ghali kuliko birika jipya la dukani.