Kinachofaa Kuokolewa Ndani ya Risasi ya Zamani

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wawindaji wa Dar es Salaam linahusu boksi la risasi lililoachwa na baba au mjomba. Karatasi ya boksi imewahi kulowa na kukauka, maandishi yamefifia, na mrithi anataka kujua kama risasi hizo zinaweza kufunguliwa ili vilivyomo vitumike kujazia nyingine. Mimi ni fundi silaha mwenye leseni, na ufundi wa kujaza risasi kwa mkono nilijifunza Afrika Kusini, ambako mwindaji mwenye leseni anaruhusiwa kujijazia za kwake. Jibu langu ni kwamba risasi haizeeki kama kitu kimoja. Ganda la shaba linaloshika vyote, fataki ya kitakoni inayowasha, baruti inayosukuma na kichwa kinachoruka huharibika kila kimoja kwa njia yake na kwa kasi yake, kwa hiyo kila kimoja kinastahili hukumu yake. Na katika vinne hivyo, baruti na fataki hazina rufaa.

Kabla ya ufundi, sheria. Hapa Tanzania silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya udhibiti ya mwaka 2015, na leseni ya kumiliki bunduki si kibali cha kutengeneza risasi. Ninayoyaeleza yamkusudie mtu anayetaka kuelewa anachokishika, pamoja na yule anayefanya kazi hii mahali inaporuhusiwa.

Baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, msingi wake ni nitroselulosi, yaani nyuzi za pamba au za mti zilizomenyushwa na asidi ya nitriki. Nitroselulosi huanza kujivunja yenyewe tangu siku inapotengenezwa. Inapojivunja hutoa oksidi za nitrojeni, na gesi hizo zikibaki humo ndani huharakisha uvunjikaji uleule uliozizaa. Ndiyo sababu watengenezaji huichanganya na kemikali ya kinga, mara nyingi difenilamini, ambayo kazi yake ni kuzinasa gesi hizo kadiri zinavyotoka. Kinga hiyo ina kiasi, na kiasi hicho huisha. Ikishaisha, baruti hujipasha moto yenyewe, na ikiwa imerundikwa kwa wingi inaweza kuwaka bila kuguswa na cheche yoyote. Wafaransa walilipia somo hilo kwa damu: meli yao ya kivita Iéna ililipuka bandarini Toulon mwezi Machi 1907, na Liberté ikaifuata bandarini humohumo mwezi Septemba 1911, na lawama iliangukia baruti iliyooza.

Joto ndilo linaloamua kasi ya mambo haya. Kwa makadirio ya wanakemia, mmenyuko wa aina hii huongezeka takribani maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hiyo boksi lililokaa miaka mingi katika stoo ya bati Temeke limezeeka kupita kiasi likilinganishwa na boksi la umri huohuo lililotunzwa Njombe. Baruti iliyoharibika hutoa harufu kali ya asidi inayochoma pua, huacha vumbi la rangi ya kutu, na mara nyingine huacha utando wa kijani kwenye kitako cha kichwa cha risasi, pale kilipokuwa kimegusana nayo. Lakini kukosekana kwa dalili hizo si hati ya uzima, kwa kuwa kinga inaweza kuwa ukingoni mwa kwisha wakati punje bado zinang'aa.

Tuseme baruti hiyo ni nzima kabisa. Hata hapo haifai, kwa sababu nyingine iliyo nzito zaidi: hujui ni baruti gani. Viwanda vya risasi hununua baruti kwa mafungu makubwa, huzipima shinikizo katika mitutu ya majaribio, kisha hurekebisha ujazo kulingana na fungu lililopo. Baruti hizo mara nyingi si zile zinazouzwa madukani kwa wajazaji, na majedwali ya ujazo hayazihusu. Punje mbili zenye umbo na rangi moja zinaweza kutofautiana sana katika kasi ya kuungua, kwa sababu kasi hiyo hutegemea pia unene wa punje na dawa iliyopakwa juu yake, mambo ambayo jicho haliyaoni. Anayemimina baruti ya kuchimbua kwenye ganda jipya na kupima uzito uleule anaodhani kiwanda kilitumia, amebadilisha ganda, kichwa na fataki huku akitumaini shinikizo litabaki lilelile. Halibaki, na uso wake uko kando ya chemba, yaani nafasi ya bunduki inayoshika risasi inapofyatuliwa.

Fataki sitazisemea sana. Ndani ya kijikombe hicho kidogo mna mchanganyiko unaolipuka kwa kugongwa, na kuung'oa ukiwa hai ni kuugonga. Wapo wanaoamini kwamba tone la mafuta huiua fataki. Mafuta hayaaminiki kwa kazi hiyo. Jambo linalomhusu mwokoaji ni athari ambazo fataki za zamani huacha baada ya kuwaka. Zenye klorati ya potasiamu huacha chumvi inayovuta unyevu, na katika hewa ya pwani yetu mtutu unaweza kuota kutu mapema mno. Chumvi hiyo huondolewa kwa maji ya moto wala si kwa mafuta. Zenye zebaki ni mbaya zaidi kwa ganda, kwani zebaki hupenya kwenye shaba na kuifanya iwe dhaifu na yenye kukatika, na hakuna kuosha kunakorudisha nguvu yake.

Ganda ndilo lenye thamani, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu. Kwa kawaida limetengenezwa kwa aloi ya asilimia 70 ya shaba na 30 ya zinki, na likitunzwa vizuri huishi kuliko mwenye nalo. Adui yake mkubwa ni amonia. Katika India ya wakati wa Waingereza, risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilikuwa zikipasuka shingoni kila msimu wa mvua, hadi wataalamu walipoeleza mwaka 1921 kwamba amonia ya mikojo ya farasi hushambulia shaba yenye mkazo uliobaki ndani yake tangu kiwandani. Huku kwetu nafasi ya zizi imechukuliwa na banda la kuku lililoegemezwa stoo, na pia na dawa za kung'arisha shaba zenye amonia.

Ninalishika ganda kwenye mwanga wa dirisha na kulizungusha polepole. Natafuta kwanza mstari mwembamba kama unywele kuanzia mdomoni kwenda chini. Ganda la namna hiyo naliponda papo hapo. Kisha naangalia sehemu iliyo juu kidogo ya kitako, ambako pete inayong'aa kuzunguka ganda huashiria kwamba ukuta wa ndani umeliwa na kunyumbuka, na kwamba ganda linaelekea kukatika vipande viwili chembani. Waya mwembamba uliokunjwa ncha, ukiuburuza kwa ndani, hukwama kidogo kwenye kijifereji hicho. Natazama pia madoa ya waridi. Bibi zetu walisugua shaba kwa ukwaju na majivu na kazi ikawa safi, lakini ganda lililolowekwa kwenye asidi muda mrefu hupoteza zinki na kubaki na madoa ya waridi, nayo ni madoa ya udhaifu.

Baada ya hapo huja swali la matundu ya kitakoni, yanayopitisha moto wa fataki kwenda kwenye baruti. Mfumo wa Mmarekani Hiram Berdan, uliozoeleka Ulaya, kwa kawaida una matundu mawili madogo na fuawe, yaani kinundu ambacho mchanganyiko wa fataki hugongwa dhidi yake, iliyo sehemu ya ganda lenyewe. Mfumo wa Mwingereza Edward Boxer, uliozoeleka Marekani, una tundu moja la katikati, na pini ya kawaida huitoa fataki iliyokwisha tumika bila tabu. Maganda mengi ya kijeshi ya zamani yanayopatikana kwetu ni ya Berdan, na kwa mjazaji wa kawaida taabu yake haina malipo.

Vichwa vinaweza kuokolewa, kwa sharti la kuvipima kwa maikromita badala ya kuamini jina. Risasi nyingi huitwa 7.62, lakini kichwa cha 7.62×51 (namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita) kina kipenyo cha takribani milimita 7.82, wakati cha 7.62×39 hukaribia 7.9, sawa na cha .303 ya Kiingereza. Risasi za Kijerumani zinahitaji uangalifu kuliko zote: kichwa cha mfumo wa 1888 kina milimita 8.08 hivi, na kile cha mfumo uliofuata kina 8.20, tofauti ambayo jicho haliioni lakini mtutu mwembamba huihisi kwa shinikizo la hatari. Kichwa chenye rangi nchani kinaweza kuwa cha kuwasha moto au cha kuacha mwanga njiani, nacho hakiguswi. Unga mweupe juu ya kichwa cha madini ya risasi kisichofunikwa na metali nyingine ni sumu ya madini hayo, vaa glavu.

Yanayobaki hayatupwi Mto Msimbazi, hayachomwi dampo wala hayafukiwi shambani. Boksi la urithi ambalo halina mwenye leseni hukabidhiwa kituo cha polisi, na ni vema kupiga simu kwanza ili wao waamue namna ya kulichukua. Ukiokota chochote kikubwa kuliko risasi ya bunduki, hasa pande za Mbagala, palipolipuka ghala la jeshi tarehe 29 Aprili 2009, au Gongo la Mboto, palipotokea vivyo hivyo tarehe 16 Februari 2011, usikisogeze hata kidogo. Weka alama kwa mbali, waondoe watoto, ita polisi. Maganda yaliyokwisha kutumika na kukataliwa nayaponda midomo kwa koleo, nahakikisha hakuna hata moja lenye fataki hai, ndipo yanapopelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa maana tanuri lake halichagui.