Skailaini si hesabu ya ghorofa

Mpwa wangu anayesoma Nairobi alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la familia: twiga mbele, majengo nyuma. Chini yake akaandika kwamba skailaini ya Nairobi ni kubwa kuliko ya Dar, na ushahidi wake ulikuwa orodha ya majengo, kila moja na idadi ya ghorofa zake. Shemeji yangu akajibu kwa orodha ya majengo ya Posta, katikati ya Dar. Mpaka saa 4 usiku walikuwa bado wanatupiana ghorofa kama watoto wanaohesabiana gololi. Sikuandika kitu usiku ule kwa sababu mke wangu aliniomba nisianze. Sasa naanza.

Skailaini ni mstari unaojichora pale mapaa ya mji yanapokutana na anga, kwa mtu aliyesimama mahali fulani akiutazama mji kwa mbali. Basi. Siyo majengo yenyewe, ni ukingo wake. Mstari unaweza kuwa umechongoka, umelala, umekatika katikati, una nundu moja au mbili kama ngamia. Kuwa "mkubwa" hauwezi.

Waingereza walipoanza kulitumia neno hili hawakuwa na habari ya mji. Lilikuwa jina la upeo wa macho, pale nchi kavu au bahari inapogusa mbingu, bila jengo hata moja. Ni mwishoni mwa karne ya 19, majengo ya New York na Chicago yalipoanza kuuziba upeo wenyewe, ndipo neno lilipohamia kwenye mapaa. Kwa maana hiyo majengo yalikaa kwenye kiti cha upeo na kurithi jina lake.

Ndugu yake neno hilo, "skyscraper", lile ambalo watangazaji wetu wamelitafsiri "kikwangua anga", lina historia tamu zaidi, na watu wa pwani wangelielewa bila kuelezwa. Kabla ya kuwa jengo lilikuwa tanga: lile dogo linalopandishwa juu kabisa ya mlingoti, juu ya matanga mengine yote, siku upepo ukiwa mwepesi. Baadaye likaitwa farasi mrefu, kofia ndefu, na hatimaye, katika miaka ya 1880, majengo yaliyokuwa yanapanda Chicago. Jengo linalotajwa sana kuwa la kwanza la aina hiyo, la kampuni ya bima ya Home Insurance, lilimalizika mwaka 1885 likiwa na ghorofa 10. Leo ghorofa 10 unazikuta Kariakoo, na chini wanauza mapazia. Sisi tungeweza kabisa kulipokea kwa jina la tanga, tukachagua kukwangua. Anga siyo sufuria, halina ukoko.

Lakini ugomvi wangu hasa ni na neno "ghorofa", au "orofa" kama wasemavyo ndugu zetu wengi wa Kenya. Asili yake ni ghurfa ya Kiarabu, yaani chumba, hasa cha juu. Aliyepita madrasa ataikumbuka aya ya 20 ya Sura ya Az-Zumar, ambamo wachamungu wanaahidiwa vyumba vya juu, na juu yake vyumba vingine vilivyojengwa. Ghorofa basi ni chumba, mahali pa kukaa mtu. Ukihesabu ghorofa unahesabu tabaka za vyumba, na tabaka za vyumba hazina urefu mmoja. Hata hesabu yenyewe ina utata: fundi wa hapa ukimwambia nyumba ya ghorofa moja anakujengea chini na juu, wakati Mmarekani huanza kuhesabu pale anapovulia viatu mlangoni.

Sasa rudi kwenye orodha ya mpwa wangu. Mnara wa Britam, pale Upper Hill, una ghorofa 31 na urefu wa mita 200. Jengo la GTC kule Westlands lina ghorofa 43 na mita 184. Lenye ghorofa 12 zaidi ndilo fupi! Siri iko kichwani: Britam amevaa mlingoti wa mita 60 hivi, wenye mitambo ya kuvuna upepo, na juu kule hakuna chumba wala kiti. Kwa hesabu ya ghorofa mlingoti ule haupo kabisa. Kwa mstari wa anga ndio wa kwanza kuuona. Dubai mambo ni yale yale kwa kipimo cha Dubai: Burj Khalifa ina mita 828, na zaidi ya mita 240 za juu hazina ghorofa ya mtu kukaa. Chicago na Kuala Lumpur ziliwahi kununiana kwa jambo hili mwaka 1996, minara pacha ya Petronas ya Kuala Lumpur ilipopewa taji la jengo refu kuliko yote duniani kwa mita 452 dhidi ya 442 za mnara wa Sears wa Chicago, kwa sababu ncha za Petronas zilihesabiwa kuwa sehemu ya jengo na antena za Sears hazikuhesabiwa, ingawa aliyekuwa kwenye ghorofa ya mwisho ya Sears alikaa juu kuliko yeyote kule Petronas.

Na "mnara" je? Hapa napo tunavuruga. Mnara ni manara ya Kiarabu, mahali pa nuru. Ndiyo maana neno hilo hilo linatosha kwa mnara wa msikiti na kwa mnara wa taa ya meli. Mnara hubeba kitu juu, taa au sauti, na ghorofa hubeba watu ndani. Baraza la kimataifa linalotunza orodha za majengo marefu linatofautisha vivyo hivyo, ila kwa lugha kavu zaidi: kama sakafu za kutumika hazifiki nusu ya urefu, hilo halihesabiwi kuwa jengo. Ndiyo maana kwa miaka mingi Johannesburg iliweza kusema Carlton Centre, mita 223, ndilo jengo refu kuliko yote Afrika, huku mnara wa simu wa Hillbrow, mita 269, ukilichungulia kutoka mtaa wa jirani.

Anayetaka kuona mnara ukifanya kazi yake kwenye mstari wa anga apande boti ya Unguja. Mji Mkongwe hauna jengo hata moja la kutiwa kwenye orodha ya mpwa wangu, na bado kwa miaka zaidi ya mia ulikuwa na mstari ambao nahodha angeuchora amefumba macho: mapaa yamelala chini karibu sawa, minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu inachomoza kwa nyuma, na mbele, ufukweni, mnara wa saa wa Beit el Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu. Mnara huo haukuwa hapo tangu mwanzo. Sultani Barghash alipoijenga nyumba yake mwaka 1883, mnara wa saa uliokuwa pia taa ya meli ulisimama peke yake mbele yake. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, katika vita visivyofika saa nzima, ikauharibu, na katika matengenezo yaliyofuata mnara mpya ukapandikizwa kwenye uso wa nyumba yenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 ukaanguka pamoja na sehemu ya mbele ya jengo. Idadi ya ghorofa za Unguja haikutikisika kwa siku ile. Mstari ulivunjika.

Kuna jambo moja ambalo wahesabu ghorofa hulisahau kabisa, nalo ni mahali pa kusimama. Panda pantoni Kigamboni asubuhi, kuelekea Magogoni. Sogea ukingoni upande wa kushoto, pita baiskeli za matenga ya samaki na yule kijana wa karanga, utazame mji. Utaiona Azania Front, kanisa la Walutheri lenye vigae vyekundu, na mbele yake kidogo Mtakatifu Yosefu wa Dar, kanisa la Wakatoliki, yote mawili ya enzi za Mjerumani, yaliyomalizika mwaka 1902. Yalijengwa yaonekane kutoka majini, na kwa miongo mingi ndiyo yaliyokuwa yakisema "hii Dar". Leo nyuma yake yamesimama majengo pacha ya PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni, na jengo la Mamlaka ya Bandari, yote yamezidi mita 150. Makanisa hayakupungua hata tofali. Ila ncha zake hazigusi tena anga, zinagusa vioo. Zimetoka kwenye mstari zikaingia kwenye picha. Nenda sasa ukasimame Coco Beach: makanisa hata huyatafuti, na mji unageuka kitu kingine kabisa.

London wanalijua hili kiasi cha kulitungia masharti. Tangu miaka ya 1930 wana kanuni za kulinda kuba la kanisa la St Paul's lisizibwe kutoka sehemu maalumu za kutazamia. Jengo la mita 225 lililoko mtaa wa Leadenhall limelaza mgongo upande mmoja kama kipande cha jibini, na halikufanya hivyo kwa madaha: limejikunja ili mtu anayekuja na barabara ya Fleet aendelee kuliona kuba likiwa na anga nyuma yake.

Nairobi nayo. KICC, lile jumba la mikutano la katikati ya mji, ghorofa 28 na mita 105, lilipomalizika mwaka 1973 lilikuwa na anga lake peke yake; kutoka Uhuru Park halikuhitaji kuulizwa jina. Halijafupishwa tangu hapo. Kilichotokea ni kwamba majengo marefu mapya mengi yalihama katikati ya mji, yakaenda Upper Hill na Westlands, kwa hiyo mstari ukakatika vipande, kila kipande na nundu yake. Na Upper Hill, kama jina linavyosema, iko juu ya kilima. Jengo la pale hupewa mita za bure na ardhi, na hakuna orodha inayozihesabu.

Ndiyo maana ile picha ya twiga ni nzuri. Imepigwa mbugani, kusini mwa mji, mahali ambapo kilima cha Upper Hill kinaonekana kwa kushoto na kubeba majengo yake begani. Ukipiga picha ya majengo hayo hayo kutoka Westlands utapata mji mwingine. Kwa hiyo, mjomba, sibishani na wewe kuhusu Nairobi, wala shemeji hajashinda kuhusu Dar. Siku nyingine ukituma picha acha zile namba za ghorofa, tuandikie tu ulikuwa umesimama wapi.