Nyumba "i-" au nyumba "a-"? Kusoma hadithi ya Bradbury kwa jicho la ngeli

Kila mwaka nikisahihisha insha za wanafunzi wangu juu ya hadithi fupi ya mwandishi Mmarekani Ray Bradbury, "There Will Come Soft Rains", nakutana na sentensi ileile: "Dhamira kuu ni kwamba teknolojia ina madhara." Chini yake inafuata orodha. Tashihisi, tashibihi, takriri, kinaya, tanakali sauti, kila mbinu na mfano wake mmoja, kama mafungu ya nyanya yaliyopangwa gengeni. Alama wanapata, maana hakuna walipokosea. Ila hadithi yenyewe imebaki palepale, haijaguswa.

Nafundisha fasihi, na pembeni natafsiri. Hadithi hii nilidhani naijua mpaka siku nilipokaa kuitia Kiswahili kwa ajili ya darasa langu, nikakwama kwenye kiambishi kimoja cha herufi moja. Nitafika huko.

Kisa ni chepesi kusimulia. Kuna nyumba katika mji wa Allendale, California. Asubuhi ya Agosti 4, 2026, saa ya sebuleni inaimba kwamba sasa ni saa moja, watu waamke. Jiko linapika lenyewe. Sauti kutoka dari ya jikoni inataja tarehe na kukumbusha bili. Panya wadogo wa chuma wanatoka matunduni kufagia. Hakuna anayeamka, kwa sababu mji wote umeteketea kwa bomu la nyuklia na nyumba hii ndiyo pekee iliyobaki imesimama. Mchana mbwa wa nyumba anarudi, mifupa mitupu na vidonda, anafia ndani. Usiku tawi la mti linaanguka, moto unashika, nyumba inateketea. Alfajiri umebaki ukuta mmoja unaorudia tarehe.

Sasa turudi jikoni, mahali ambapo wanafunzi hupita mbiombio. Jiko linatoa vipande vinane vya mkate wa kuchoma, mayai manane, vipande 16 vya beikoni, kahawa mbili na glasi mbili za maziwa baridi. Piga hesabu. Kahawa mbili, basi watu wazima wawili. Maziwa mawili, basi watoto wawili. Mayai mawili kila mtu. Familia tumeshaijua, ukubwa wake na umri wake, na mwandishi hajataja mtu hata mmoja. Kisha shikilia namba hizo mpaka mwisho wa hadithi. Nyumba inapoungua, jiko lilelile linapandwa na wazimu, linapika mayai dazeni kumi, mikate mizima sita, beikoni dazeni 20, moto unakula, jiko linaanza tena. Mayai manane yamekuwa 120. Ukiandika kwenye mtihani kwamba hapo pametumika "chuku", sawa, lakini utamu uko kwenye kulinganisha hesabu mbili. Ya kwanza inahesabu watu. Ya pili haina wa kumhesabu.

Sauti ya dari asubuhi ile inakumbusha pia kwamba leo ni siku ya kuzaliwa ya bwana fulani. Zamani nilikuwa nausoma mstari huo kama kichekesho. Mjomba wangu alifariki miaka kadhaa iliyopita, na kila mwaka simu yangu inanitumia ujumbe wenye maputo ya rangirangi, nimtakie heri ya kuzaliwa. Sijaifuta ile kumbukumbu. Siku hizi mstari ule haunichekeshi.

Mwaka jana kijana mmoja alinyoosha mkono nyuma ya darasa: "Mwalimu, mji wote umekufa. LUKU nani kaweka?" Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka, lakini ni swali zuri kuliko insha nyingi nilizosahihisha. Umeme unatoka wapi? Bradbury hasemi. Maji ya kuzima moto yanaisha, hilo analisema, kwa sababu analihitaji. Umeme anauacha. Hapo mtu anajifunza jambo kuhusu utanzu huu: wapo waandishi wa kubuni kisayansi wanaokufungulia mashine na kukuonyesha kila skrubu, na wapo wanaotaka tu mashine iwepo ili waone inamfanya nini binadamu, au inafanya nini binadamu akiondoka. Bradbury ni wa kundi la pili. Kumdai saketi za umeme ni kama kumuuliza msimulizi wa ngano Sungura alijifunzia wapi kusema.

Na teknolojia hiyo yenye madhara, imemdhuru nani humu ndani? Nyumba haijaua mtu. Inapika, inafagia, inaandaa maji ya kuoga, inasoma mashairi. Kinachoichoma ni upepo, tawi, na chupa ya dawa ya kusafishia iliyopasukia jikoni. Bomu lenyewe limetupwa kabla hadithi haijaanza, tena limetupwa na watu. Kwangu mimi suala kubwa humu ni utumishi uliobaki bila bwana wake. Mwandishi mwenyewe anafananisha nyumba na madhabahu yenye watumishi elfu kumi, ambayo miungu wake wameondoka na ibada inaendelea bila maana. Sitiari hiyo wanafunzi wote wanaiona. Wasiyoiona ni tashibihi ndogo iliyojificha karibu na takataka: tanuri la kuchomea taka limekaa kwenye kona ya giza "kama Baali".

Simama hapo. Msomaji wa Biblia anamjua Baali, na msomaji wa Kurani amekutana naye katika kisa cha Nabii Iliyasi, katika sura ya As-Saffat. Fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 18. Juu ya mlima Karmeli, manabii wa Baali wanamwita mungu wao tangu asubuhi hata adhuhuri, wanarukaruka kuizunguka madhabahu, na hapana sauti wala anayejibu. Mwisho wa kisa, moto unashuka. Sasa tazama nyumba yetu: inaita tangu asubuhi, inaandaa sadaka ya mayai na mikate, saa tatu usiku inamuuliza Bibi McClellan, mama mwenye nyumba, angependa kusikia shairi gani leo, hakuna anayejibu, na saa nne moto unaanza. Neno moja tu, Baali, na nyuma yake kuna mlima mzima wa Karmeli. Huu ni usomaji wangu, mtu anaweza kuukataa, lakini ndivyo tashibihi inavyofanya kazi mikononi mwa fundi. Inaacha mlango wazi.

Shairi linalosomwa usiku ule ni la kweli. Alilitunga Sara Teasdale, likachapishwa 1918 wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa, na jina la hadithi limetoka katika mstari wake wa kwanza. Mimi jina hilo nimelitafsiri "Yatakuja Manyunyu", kwa sababu mvua laini kwetu ina jina lake. Shairi linasema manyunyu yatakuja na harufu ya udongo, mbayuwayu watazunguka, vyura wataimba vidimbwini, na hakuna kati yao atakayejali vita wala kujua kwamba wanadamu wametoweka. Teasdale alifariki 1933, bomu la atomiki hakuliona.

Wanafunzi huandika: "Mwingiliano matini, shairi linaunga mkono dhamira." Je, linaunga mkono? Mtazame mbwa. Yeye ni kiumbe, ni sehemu ya hiyo hiyo asili ambayo shairi linadai haitajua. Anapanda ngazi, anabweka kila mlango, anatafuta mpaka anaelewa kwamba nyumba ni tupu. Anajua. Ndiye kiumbe hai pekee katika hadithi nzima anayejua, na anakufa saa nyingi kabla shairi halijasomwa. Kwa hiyo nyumba inaposoma kwa sauti nzuri kwamba hakuna atakayejali, shahidi wa kuipinga ameshatupwa na panya wa chuma ndani ya tanuri. Hadithi imelinukuu shairi na kulijibu palepale. Kinaya hicho ukikikosa, umebaki na mapambo.

Sasa ngeli.

Kiingereza kina neno moja dogo, "it", kwa nyumba, moto, mashine na mara nyingine hata mbwa. Kiswahili hakikuachii nafasi hiyo, kila kitenzi kinakudai upatanisho. Na sisi tuna desturi yetu ya tashihisi: ngano ikitaka kitu kiwe mtu, inakihamisha ngeli. "Upepo na Jua walibishana", tunasema, si "vilibishana". Basi nilipofika pale nyumba inapotetemeka, mifupa yake ya mwaloni ikigongana na nyaya zake zikiwa wazi kama neva za mtu aliyechunwa ngozi, niliandika "nyumba alitetemeka". Nikaisoma. Ikawa ngano. Mtoto angeisubiri nyumba iseme "hapo zamani za kale". Hofu yote iliyeyuka, kwa sababu katika ngano kila kitu kina roho tangu mwanzo na hakuna wa kushangaa.

Nikarudisha "i-". Nyumba ilitetemeka, ilipiga kelele, ilijaribu kujiokoa. Hapo damu ikasisimka, kwa kuwa vitenzi ni vya mtu na kiambishi ni cha kitu. Moto nao, ambao Bradbury anasema ni mjanja, niliuacha kwenye "u-": ukapanda ngazi, ukala michoro ya Picasso na Matisse ghorofani. Wanafunzi walitaka "akapanda". Tulibishana kipindi kizima. Niliwashinda kwa sababu mimi ndiye mwalimu, si kwa sababu hoja zao zilikuwa dhaifu.

Lakini jambo ambalo sikulitegemea lilikuwa kwa panya. Panya wa chuma *wa*natoka, *wa*nafagia, *wa*nakasirika wakiona matope ya mbwa. Sarufi imewapa uhai bila kuniuliza, kwa kuwa panya ni panya hata akiwa wa shaba. Kisha nikafika kwenye ukuta wa magharibi. Ukuta mzima umeungua mweusi, isipokuwa sehemu tano ambapo rangi imebaki: mwanamume anakata majani, mwanamke ameinama kuchuma maua, mvulana mikono juu, mpira angani, msichana anasubiri kuudaka. Miili yao ndiyo iliyoukinga ukuta na mwali. Hiroshima kulitokea jambo la namna hiyo: mtu alikuwa ameketi kwenye ngazi za benki, jiwe pande zote likababuka likawa jeupe, kivuli chake kikabaki. Jiwe hilo sasa liko makumbusho ya Hiroshima. Bradbury amegeuza rangi tu. Kwake kilichoungua ni cheusi na watu ndio waliobaki weupe.

Na katika tafsiri yangu, watu hao wanapatanishwa vipi? Ni madoa. Madoa matano ya rangi yamebaki ukutani. *Ya*mebaki. Panya wa mashine wana "wa-", baba, mama na watoto wana "ya-", pamoja na mpira wao, ngeli moja. Sikubuni chochote, nilifuata sarufi, na sarufi ikanieleza hadithi nzima kwa silabi mbili. Tulifundishwa shuleni kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai. Hapa nionyeshe kikombe kinaishia wapi.

Limebaki suala la tarehe. Hadithi ilipotoka kwanza katika jarida la Collier's, Mei 6, 1950, tarehe yake ya ndani ilikuwa ya mwaka 1985. Ilipoingia kitabuni mwaka huohuo, katika *The Martian Chronicles*, ikawa Agosti 2026. Chapa ya 1997 ikaisogeza tena mbele kwa miaka 31. Mwaka umehamahama, ila mwezi wa kitabuni umebaki Agosti, na nyumba inakufa ikitangaza Agosti 5. Bomu la Hiroshima lilidondoka Agosti 6, 1945, saa mbili na robo asubuhi kwa saa za Japani. Muda huohuo California ilikuwa bado Agosti 5, saa kumi na robo alasiri. Sidai kwamba Bradbury alikaa na jedwali la majira akipiga hesabu. Ila nyumba iko California, na siku inayoirudiarudia bila kuweza kuivuka ndiyo hiyo.

Sentensi yake ya mwisho inakatika katikati. Ukuta unasema leo ni Agosti 5, 2026, leo ni Agosti 5, 2026, leo ni, kisha nukta za dukuduku. Kwenye tafsiri haikunisumbua hata kidogo. Baada ya wiki nzima ya kugombana na "i-", "a-", "u-" na "ya-", neno la mwisho lililobaki mdomoni mwa nyumba lilikuwa "ni", na "ni" haina ngeli.