Alipata 11 kati ya 50

Kazi yangu ni kupima kumbukumbu za watu. Mawakili huniuliza, na wauguzi wodini pia: "Utajuaje kama huyu anajitia mgonjwa?" Wengi wanadhani jibu liko usoni, kwa anayekwepa macho au kutokwa jasho. Mimi uso siuamini. Vincent Gigante, kigogo wa mafia wa New York, alizurura miaka mingi katika mitaa ya Greenwich Village na nguo za kulalia na ndala, akiongea peke yake. Mabingwa wa magonjwa ya akili walimchunguza wakasadiki. Mwaka 2003 alikiri mahakamani kwamba alikuwa anaigiza.

Ninachokiamini zaidi ni hesabu. Kuna kipimo cha kumbukumbu cha mwanasaikolojia Tom Tombaugh wa Kanada, kilichotoka mwaka 1996. Unamwonyesha mtu michoro 50 ya vitu vya kawaida, mmoja mmoja, sekunde 3 kila mmoja. Kisha unamletea michoro miwili miwili, mmoja aliouona na mwingine mgeni, achague. Kwa kuutazama tu, mtihani huu unatisha. Ukweli ni kwamba ni mwepesi mno: hata wengi walioumia ubongo hupata 45 au zaidi wakirudia mara ya pili. Anayesingizia hilo halijui. Yeye anadhani aliyepoteza kumbukumbu hukosa karibu kila kitu, basi naye anakosa.

Anayechagua huku amefumba macho atapata 25 au karibu na hapo, kama kurusha shilingi. Kijana mmoja niliyempima baada ya ajali ya pikipiki, huku kesi yake ya fidia ikisubiri, alipata 11. Niliona kidole chake kikianza kwenda kwenye mchoro sahihi, kikasita, kikahamia wa pili. Tena na tena. Huwezi kukosa 39 kati ya 50 kwa bahati mbaya tu. Ni lazima uwe unalijua jibu na unalikimbia.

Ila kuwa chini ya 45, alama inayotutia shaka, si sawa na kuwa chini ya 25 ya kubahatisha, na hapa ndipo sisi wapimaji tunapoumiza watu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpima mama mmoja akapata 41. Nikaandika kwenye ripoti: "Hakujitahidi." Sikumwita hata mwanawe nimuulize mama anaishije nyumbani. Miezi michache baadaye mama yule alipotea akirudi kutoka soko analokwenda kila wiki. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshaanza, na wagonjwa wa namna hiyo huweza kushuka chini ya 45 bila hila yoyote. Neno langu lilikuwa limeshamchelewesha kupata matibabu. Tangu siku hiyo siandiki hukumu kwa kipimo kimoja, na ndugu wa mgonjwa nawasikiliza kabla sijashika kalamu.

Yule kijana nilimwonyesha alama zake, nikamweleza maana yake bila kumfokea. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kumbukumbu anayo, ila usingizi ndio hana: kila akifumba macho anasikia breki. Aliogopa kwamba kukosa usingizi tu hakuna atakayekuhesabu kuwa ni ugonjwa. Tukaanza upya, safari hii na usingizi.