Mtoto wa mashoto hahitaji kubadilishwa mkono

Wengi tumekua tukisikia kwamba mtoto akiandika kwa mashoto lazima abadilishwe mapema, la sivyo mwandiko utakuwa mbovu na darasani atabaki nyuma. Wanaosema hivyo wanamtakia mema, na adabu ya kula na kusalimia kwa mkono wa kulia iko palepale, ila kuandika ni jambo lingine.

Karibu mtu 1 kati ya 10 duniani anatumia mashoto, inatokana na ubongo na inaanza kuonekana akiwa mdogo sana, sio ukaidi na haimaanishi akili ndogo. Ukimlazimisha anaandika polepole, mkono unachoka, akili yote inaishia kwenye penseli badala ya anachofundishwa, alafu anaanza kuogopa hata kuitwa ubaoni, na hapo ndo naumia zaidi maana mtoto hana kosa lolote.

Unaweza kuangalia mwenyewe nyumbani, siku kadhaa usimwambie kitu, tazama tu anarusha mpira kwa mkono gani, anaswaki kwa upi, anachora kwa upi. Ukiona ni kushoto karibu kila mara basi ndo mkono wake huo.

Na mwandiko mbovu mara nyingi ni mkao tu. Kwenye dawati la watu watatu mweke mwisho kushoto wasigongane viwiko na mwenzake, daftari lilazwe kidogo upande wa juu uelekee kulia, penseli aishike juu kidogo ya ncha ili kiganja kisifute alichoandika.