Hapana, kompyuta haikusoma mawazo ya Hawking

Kila picha ya Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza aliyepooza na kuongea kupitia kompyuta, ikirushwa mtandaoni, lazima atokee mjuaji wa kusema kwamba yule mzee hakuwa akifikiri chochote, kompyuta ndiyo iliyomfikiria. Mwingine atadai alifungwa waya kichwani, mashine ikawa inasoma mawazo. Ningeyaacha yapite kama yangeishia hapo. Lakini sasa nayasikia hata kwa watu wanaonunua vifaa vya kuwasaidia wagonjwa wasioweza kuongea: wanataka "ile mashine ya Hawking", wakiamini ukimfungia mgonjwa inaanza kuongea yenyewe. Ikifika na isiongee, lawama anabebeshwa mgonjwa: "huyu akili imeshakwenda." Hapo ndipo uvumilivu wangu unapokwisha.

Tuanze na kilichoingia kwenye kompyuta ile. Ni swichi moja. Swichi ina hali mbili, imebonyezwa au haijabonyezwa, na hayo ndiyo yote ambayo mashine iliyajua kuhusu Hawking. Haikujua anataka herufi gani wala anawaza nini. Kwenye skrini kuna jedwali la herufi na orodha ya maneno, na alama ya rangi inapita juu yake kwa kasi iliyopangwa. Ikifika unapotaka, unabonyeza. Mbonyezo wa kwanza unachagua mstari, wa pili unachagua herufi ndani ya mstari huo.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi, ila watu hawaifanyi. Chukua herufi za Kiswahili bila Q na X, zinabaki 24, uzipange mistari minne ya herufi sita kwa mpangilio wa alfabeti. Herufi A iko mstari wa kwanza nafasi ya kwanza: hatua mbili, moja ya mstari na moja ya herufi. Z iko mstari wa nne nafasi ya sita: hatua kumi. Neno "maji" linakula hatua 17. Alama ikikaa sekunde moja kila hatua, hizo ni sekunde 17 kwa kuomba maji, na bado hujakosea hata mara moja. Neno "wananiuliza" ni hatua 58, karibu dakika nzima. Zipange upya herufi hizohizo, zile zinazotumika sana (A, I, U, N, K, M) zikae kwenye kona ya juu kushoto, neno hilohilo linashuka hadi hatua 40 hivi. Hapo hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Umehamisha herufi tu. Bado nakuta vituo vya kuhudumia wagonjwa vinabaki na mpangilio wa alfabeti kwa sababu "ndio aliozoea shuleni".

Kasi ya alama nayo haipangwi kwa kubahatisha. Pima muda anaotumia mtu kubonyeza baada ya alama kufika, fanya mara nyingi, chukua wastani, kisha gawanya kwa 0.65. Anayehitaji sekunde 0.65 mpe sekunde moja, anayehitaji 1.3 mpe mbili. Ukiharakisha zaidi ya hapo anapitwa, na akipitwa anasubiri mzunguko mzima. Akibonyeza kimakosa ni balaa zaidi, maana kufuta nako ni kuchagua: kitufe cha kufuta kikiwa chini kabisa kulia, kila kosa linagharimu kuliko herufi yenyewe. Kiweke karibu. Na upime kasi hiyo baada ya saa nzima ya kazi, usiipime dakika tano za mwanzo mgonjwa akiwa ametoka kunywa chai na ana nguvu.

Sasa Hawking mwenyewe. Aligunduliwa na ALS mwaka 1963, akiwa na miaka 21. Ugonjwa huu unaua neva zinazoendesha misuli. Hisia za ngozi zinabaki, kusikia kunabaki. Mwaka 1985, akiwa Geneva, alipata nimonia kali. Alirudishwa Cambridge, akatobolewa koo ili apumue, na sauti yake, ambayo tayari ilikuwa inaeleweka kwa watu wachache wa karibu tu, ikaisha kabisa. Njia yake ya kwanza baada ya hapo haikuwa kompyuta. Ilikuwa kadi ya herufi: mtu ananyoosha kidole herufi moja moja, Hawking anainua nyusi ikifika inayotakiwa. Ukiielewa kadi hiyo umeielewa mashine yote iliyofuata, kwa sababu kanuni haikubadilika mpaka anafariki tarehe 14 Machi 2018.

Programu aliyoipata baadaye iliitwa Equalizer, ya Mmarekani Walter Woltosz, aliyekuwa ameitengeneza kwa ajili ya mama mkwe wake mwenye ALS. Mhandisi David Mason wa Cambridge akaifunga kwenye kiti mwendo. Kwa swichi ya mkononi Hawking aliweza kufikia maneno 15 kwa dakika. Mkono ulipoisha nguvu, kuanzia mwaka 2008 alitumia msuli wa shavu: kifaa kidogo kwenye miwani kinatupa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, shavuni na kupima unaorudi, shavu likisogea, kiasi kinachorudi kinabadilika, hiyo ni mbonyezo. Kufikia 2011 alikuwa ameshuka hadi neno moja au mawili kwa dakika. Neno moja kwa dakika, jamani, halafu mtu anasema mashine ilikuwa inasoma mawazo. Ingekuwa inasoma, ingesubiri nini?

Kofia ya kupima umeme wa ubongo ilijaribiwa kwake kweli, na haikufaa, ishara hazikutosha. Kufuatilia macho nako kulijaribiwa, lakini kope zake zilikuwa zinalegea na kuziba. Hili naomba lieleweke kwa wanunuzi: kwa wagonjwa wengi wa ALS macho ndiyo yanayobaki imara hadi mwisho, kwa hiyo kamera ya macho huwa chaguo la kwanza. Hawking hakuwa mgonjwa wa mfano. Kifaa kinafuata msuli uliobaki, hakifuati umaarufu wa aliyekitumia. Tena tafuta mwendo unaoaminika, usitafute wenye nguvu: kidole kinachosogea milimita mbili kila kinapoagizwa ni bora kuliko mkono unaorushwa vizuri mara moja kati ya tatu.

Kuhusu infraredi ya shavuni, maudhi yake ni haya: jua la dirishani lina infraredi tele na linaipumbaza, miwani ikiteleza kidogo kipimo chote kinahama, kucheka na kutafuna vinahesabiwa kuwa mbonyezo. Ndiyo maana inapangwa upya kila inapovalishwa, na mtu wa kuipanga lazima awepo.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wabishi wangu wana nusu ya hoja, nayo ni utabiri wa maneno, yaani programu kukisia neno kabla hujalimaliza. Programu ya baadaye, ACAT ya kampuni ya Intel, ilitumia kitabiri cha SwiftKey kilicholishwa maandishi ya Hawking mwenyewe. Akichagua neno la Kiingereza lenye maana ya "jeusi", neno la "shimo" linajileta mbele, maana aliandika sana kuhusu mashimo meusi, vitu vya angani vyenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki. Intel walieleza kwamba alikuwa anaandika chini ya asilimia 20 ya herufi zote, zilizobaki zilijazwa. Je, hapo nani anaandika?

Jibu langu la kawaida ni kwamba kupendekeza si kuamua: orodha inaleta maneno, mtu anachukua au anakataa. Hilo ni kweli, lakini halimalizi. Mtu aliyechoka, ambaye neno lake halisi linagharimu hatua 60 na neno la karibu-karibu linagharimu nne, atachukua la karibu-karibu. Sentensi inapinda taratibu kuelekea kwenye orodha. Vitabu vya mafunzo vinalipita jambo hili haraka. Mimi sina njia ya kulipima kwa uhakika. Ninachofanya ni kuuliza mwishoni, "hivi ndivyo ulivyotaka kusema, au ndicho kilichokuwa karibu?", nikiacha muda wa kutosha wa kujibu hapana. Tena hapana iwe nafasi ya kwanza kwenye jedwali, sio ndiyo.

Kwa Kiswahili shida ni kubwa zaidi, na hapa wauzaji hukaa kimya. Vitabiri vingi vimejengwa kwa lugha ambazo herufi chache za mwanzo zinapunguza sana maneno yanayowezekana. Kwetu andika "wa". Umepata nini? Watu, wakati, wangu, walisema, watatuletea, wamempeleka, wasipokuja. Kitenzi chetu kinaanza na mtendaji, kikafuata wakati, pengine na mtendwa, ndipo mzizi wenye maana ufike. Kwa hiyo herufi nne za kwanza zinaweza zisikuambie lolote kuhusu jambo lenyewe. Suluhisho si kuongeza maneno kwenye kamusi. Kitenzi kina maumbo mengi mno. Gawa jedwali kwa viungo: ukurasa wa kwanza viambishi vya mtendaji, kisha wakati, kisha mtendwa pamoja na nafasi ya "hakuna", kisha mizizi, kisha miisho. "Wa-na-ni-uliz-a" ni chaguo tano badala ya herufi 11, yaani mibonyezo kumi badala ya 22. Kwa msuli unaochoka, mibonyezo ndiyo mtaji. Kasoro yake: kurasa nyingi zinamchanganya mwanzoni, na maneno ya mkato ya mtaani hayakai humo hata uyalazimishe. Yape ukurasa wake.

Sauti nayo nisikawie. Ilitoka kwenye kifaa cha CallText 5010 kilichotokana na kazi ya Dennis Klatt wa chuo cha MIT, Marekani, ambaye sauti yake mwenyewe ndiyo ilikuwa msingi. Ni sauti inayokokotolewa kwa kanuni, hakuna maneno yaliyorekodiwa ndani. Hawking alikataa sauti mpya zaidi kwa sababu hiyo alishaihesabu kuwa yake; mwanzoni mwa 2018 wahandisi walimpatia nakala yake ya kiprogramu kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kwa Kiswahili programu ya bure ya kusoma maandishi kwa sauti, eSpeak NG, ipo na inatumia njia ya ukoo huohuo. Tahajia yetu ni nyoofu na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo inasomeka vizuri. Ikiboronga, mara nyingi ni kwenye vifupisho na ng'. Na ile mihadhara iliyotiririka bila kusita? Aliiandika mapema, akaihifadhi, akawa anaituma kwenye sauti aya kwa aya. Maswali mengi ya mahojiano nayo aliletewa kabla.

Lakini hoja ya "kompyuta ndiyo iliyofikiri" inaanguka kwa kalenda tu, huhitaji hata kujua swichi ni nini. Tasnifu yake ya udaktari ni ya 1966. Kazi yake na mwanahisabati Roger Penrose, iliyoonyesha kwamba nadharia ya Einstein ya mvutano ikikubaliwa basi ulimwengu ulikuwa na mwanzo ambapo hesabu zenyewe zinakatika, ni ya 1970. Makala ya jarida la Nature, kwamba mashimo meusi hutoa mionzi na yana jotoridi, ni ya 1974. Kompyuta ya kuongea ilimfikia baada ya 1985. Sasa hiyo mashine ilifikiri lini?

Aliwezaje bila mkono wa kuandika? Katika miaka ya 1970 alipopoteza uwezo wa kuandika milinganyo, aliegemea zaidi maumbo: upeo wa shimo jeusi, yaani mpaka ambao kitu kikiuvuka hakirudi, ni uso wenye eneo, na unaweza kuuliza kama eneo linaweza kupungua bila kubeba kurasa za alama kichwani. Hesabu ndefu zilifanywa na wanafunzi na wenzake. Baadaye aliandika milinganyo kwa maneno kupitia TeX, programu ya kuchapa hesabu, nayo ikaigeuza alama. Wapo wanaosema ulemavu ndio uliompa kipaji cha maumbo. Sijui kama hilo linathibitika. Penrose, aliyekuwa na mikono yake miwili mizima, ndiye aliyeileta njia hiyo kwenye mashimo meusi mwaka 1965. Huwezi kumrudisha Hawking mzima ukalinganisha.

Jambo jingine tusilifiche: si kila mwenye ALS fikra zake hubaki salama. Wapo ambao ugonjwa unagusa sehemu ya mbele ya ubongo, ikabadilika tabia na upangaji wa mambo. Kwa hiyo "akili haiguswi kamwe" ni uongo wa upole. Ila huwezi kuamua kwa sababu mtu hajajibu mashine. Kwanza swichi, kasi na mkao wa kichwa vipangwe sawasawa. Ndipo upime fikra.

Tena miaka 55 aliyoishi Hawking na ugonjwa huu si kawaida. Wengi huishi miaka miwili hadi mitano. Ulioanza ujanani huelekea kwenda polepole, lakini hiyo haielezi miaka yote ile. Alikuwa pia na wauguzi usiku na mchana, waliogharamiwa kwa kiasi kikubwa na wakfu wa MacArthur wa Marekani. Anayetaka kununua mashine bila kupanga nani atafuta mate na kugeuza shingo, asinunue.

Ukitaka kuanza leo, chukua kipanya cha kompyuta cha waya ukigeuze kuwa mahali pa kuchomeka swichi. Fungua skrubu, tafuta swichi ya kitufe cha kushoto, ina miguu mitatu. Kwa kipimaji cha umeme tafuta miwili inayoungana kitufe kikibonyezwa tu; chomelea nyaya mbili hapo, zipeleke kwenye tundu la jeki ya milimita 3.5. Funga fundo la waya ndani ya kasha ili ukivutwa usinyofoe ulichochomelea. Ziba jicho la chini kwa gundi-tepe nyeusi, la sivyo mshale utarukaruka. Swichi yoyote ya jeki hiyo sasa inafanya kazi ya kubofya. ACAT ni ya bure tangu 2015, inatumia Windows, na inaweza hata kutumia kamera ya kawaida kuona nyusi au shavu likisogea. Simu za Android nazo zina mpangilio wa kutumia swichi. Halafu chapisha lile jedwali la herufi kwenye karatasi, lihifadhi kwa plastiki na ulining'inize kwenye kiti. Umeme ukikatika usiku, mtu atanyoosha kidole, mgonjwa atainua nyusi.